Kikao Kilichokosa Katibu

Katika familia yetu, jambo lolote linalozidi uwezo wa mtu mmoja huundiwa kamati. Tumekuwa na kamati za harusi, za mazishi, za kisima, na wakati mmoja kamati ya kumshawishi mama amuuze ng'ombe aliyekuwa akimpiga mateke kila asubuhi. Katika zote hizo katibu alikuwa kaka yangu mkubwa. Ana mwandiko wa kuonewa wivu, na anaamini kwa dhati kwamba neno lisiloingia kwenye kaunta buku lake halijasemwa.

Kwa hiyo tulipoketi sebuleni kwa mama, huko Bahati, Jumapili moja ya Julai baada ya ibada, ili tujadili namna ya kumpeleka kaka mwenyewe hospitalini, tulijikuta na upungufu ambao hakuna aliyeufikiria. Tulikuwa tumeitisha kikao bila katibu.

Tulikuwa watatu. Mjomba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amekuja na pikapu yake kutoka Lanet na kujiteua mwenyekiti kabla hata ya kuvua kofia. Mama alikuwa wanachama wote. Mimi, kwa kosa la kusoma chuo kikuu, nilikabidhiwa kalamu na bahasha kuukuu.

Kaka alikuwa shambani akichimba mtaro. Ilikuwa siku ya tisa. Alikuwa akilala kwa muda wa saa mbili au tatu tu kila usiku, akiamka na jembe, akimweleza kila mpita njia kwamba maji ya kaunti nzima yangepita hapo. Lazima nikiri kwamba ulikuwa mtaro mzuri, umenyooka kama uliopigwa rula. Ubaya wake ni kwamba ulikuwa umebakisha hatua chache kuingia kwenye viazi vya jirani. Jirani huyo ni mtu mpole, na bila kupandisha sauti alikuwa ametuambia kwamba jembe likigusa viazi vyake, atawaita polisi. Kliniki ya afya ya akili mjini Nakuru ilikuwa Alhamisi pekee. Ilitupasa tumfikishe Alhamisi hiyo, kabla mtaro haujafika kwenye viazi.

Hatukuwa wageni wa safari hiyo. Mwaka juzi zahanati ilimpa vidonge vya kuumwa kichwa. Kanisani aliombewa mpaka mwombaji akakauka sauti. Hospitali ndogo ikatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, nayo hospitali kubwa ikasema, kwa haki kabisa, kwamba haiwezi kuitibu barua, tumlete mwenyewe. Alipokataa, tulimpeleka nyuma ya pikapu ya mjomba akiwa amefungwa kamba. Alitibiwa, akatulia, akarudi kwenye kamati zake. Kisha dawa zikakosekana mwezi mmoja, akaziacha, na akaapa kwamba hatakanyaga tena mahali alipofikishwa kama mbuzi wa kupelekwa sokoni.

Tangu siku ile hakumsalimia mjomba. Watu wote walichukulia kwamba kamba ilikuwa wazo la mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa jeshini, na mjomba hakujitetea. Kamba ilikuwa ya ndama. Niliyeifungua shingoni mwa ndama na kuileta nilikuwa mimi.

"Tumwambie tunaenda kuangalia shamba Naivasha," mjomba alipendekeza.

"Ataomba kuona hati," mama akasema.

"Basi tumwambie ni mimi mgonjwa."

"Hilo ataliamini, lakini hatakuja."

Mlango ukafunguka. Kaka alisimama kizingitini na gambuti zenye matope, akatutazama mmoja mmoja, akamruka mjomba.

"Kwani kuna kikao?"

"Kunywa chai kwanza," mama alisema.

"Mathe, mimi nimeuliza ajenda." Aliichukua bahasha mikononi mwangu na kuisoma. "Hakuna tarehe. Hakuna waliohudhuria. Msomi, miaka minne chuoni walikufundisha nini?"

"Sosholojia."

"Inaonekana."

Akatoka. Nilidhani amerudi kwenye mtaro, kumbe alikwenda kunawa. Alirudi na kaunta buku, akaketi, akapiga mistari yake miwili. Maneno yalikuwa yakimtoka mbiombio, mengine yakikimbilia kwenye mabomba na matangi. Kila alipopotelea huko mama alisema neno moja tu, "Ajenda," naye akarudi. Kwa siku tisa tulikuwa tumemsihi, tumembembeleza na kumkemea bila kumpata. Sasa alikuwa ameketi kwenye kochi kwa sababu kikao hakiwezi kuvunjwa kabla ya mengineyo.

"Ajenda ya kwanza," alisoma alichoandika, "ni mimi kupelekwa kliniki. Lakini kabla ya hapo kuna yatokanayo na safari iliyopita. Kamba." Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alimwelekea mjomba. "Mwenyekiti, iandikwe kwamba uliileta wewe?"

Mjomba aliitazama chai yake. "Andika," alisema.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza kwa zaidi ya mwaka, na ukimya ule ulikuwa umenikaa vizuri kama koti la kushonewa. Lakini niliiona kalamu ikishuka, nikajua kwamba ikishaandika, ndivyo itakavyokuwa.

"Ni mimi," nilisema. "Niliifungua kwa ndama. Mjomba alikuwa amekataa mara mbili."

Kaka hakupandisha macho. "Kwa nini?"

"Niliogopa. Na nilikuwa na haraka ya kurudi kazini."

"Ipi ilianza?"

Nilifikiri. "Haraka."

Aliandika kwa utaratibu, neno kwa neno, akaweka nukta. Kisha akainuka, akampa mjomba mkono. "Mjomba, habari ya Lanet?"

"Baridi tu," mjomba alijibu.

Azimio lilipita bila mpinzani. Kaka angekwenda Alhamisi, bila kamba, na angeketi mbele. Mtaro ungepinda kushoto. Aliyeleta kamba angeketi nyuma ya pikapu, mahali palepale.

"Mwenyekiti, hapo hakuna kiti," nilipinga.

"Kikao kimefungwa," mjomba alisema.

Alhamisi nilipanda nyuma nikiwa na koti langu la ofisini. Barabara ya vumbi ilinipaka rangi nyekundu kabla hatujafika kwenye lami. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karoti alinipungia mkono kwa huruma. Nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili na kuona jinsi kilivyo baridi, na kwamba kila shimo humfikia mtu mgongoni. Kaka alikuwa amepitia hapo bila mikono ya kujishikia. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi kidogo, nami nilimsikia akimfundisha mjomba kuendesha gari.

Kliniki ilikuwa imejaa na benchi lilikuwa fupi. Tulisubiri tangu asubuhi hadi saa nane. Mara mbili kaka alisimama aende zake, na mara mbili mjomba akamwomba amsomee tena kumbukumbu, maana hajazithibitisha. Daktari alipouliza tatizo lilianza lini, mjomba na mimi tulifungua midomo kwa pamoja. Kaka akafungua kaunta buku. Daktari alisoma ukurasa mzima, akarudia sehemu ya kamba, kisha akanitazama nilivyojaa vumbi. Alimdunga kaka sindano, akaandika vidonge, akamwambia arudi baada ya wiki nne. Kidonge kimoja hakikuwepo kwenye dirisha la dawa la hospitali. Mjomba alikipata katika duka la dawa la tatu.

Jioni nilielekea mlango wa mbele. Kaka, ambaye macho yalikuwa yameanza kumlemea kwa usingizi, alifunua ukurasa.

"Hapa imeandikwa Alhamisi," alisema. "Leo bado ni Alhamisi."

Nikapanda nyuma. Kabla gari halijaondoka alipitisha koti lake zito kwenye kioo cha nyuma, akanirushia bila kugeuka.