Shemeji Shuilian na Chupa Aliyoificha

Shemeji yangu Shuilian ana wivu wa kuzaliwa nao, na hili nalisema mbele yake huku nikila chakula chake. Nilipolinunua gari langu la viti saba, la kwanza kijiji chetu kizima cha Heyan, huku Hunan, watu walikuja kuligusa kama ng'ombe wa maonyesho. Yeye hakuja. Siku kumi na mbili hakunisemesha. Ya kumi na tatu akapita, akalizunguka, akasema, "Mlango wa nyuma umepinda." Na kweli ulikuwa umepinda, ila mimi mwenyewe sikuwa nimeuona.

Ni mke wa kaka yangu, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na moja, mwenye viganja vipana kama makasia. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa wenzake walikwenda kusini kushona viatu. Yeye akaenda makao ya watoto ya wilaya, akarudi na kitoto mgongoni. Kule watoto walikuwa wengi kuliko vitanda, kwa hiyo wachanga walipewa wanawake wa vijijini wawalee mpaka wapate wazazi. Kwa miaka minane alilea kumi na mmoja. Kumi wa kwanza aliwakabidhi macho makavu, akarudi nyumbani, akafua blanketi, akaenda kuchukua mwingine.

Wa kumi na moja alikuwa Nuonuo. Mnene, mweupe, laini kama wali wa kunata, na ndilo jina tulilompa. Huyu alimpata shemeji pabaya. Mtoto akicheka nikimkonyeza, shemeji anasema, "Hacheki huyo, ana gesi." Akimnyooshea kaka yangu mikono, kaka anaambiwa, "Anataka kofia yako tu, usijidanganye." Jirani alimletea soksi nyekundu, nzuri kabisa. Soksi zikavalishwa paka.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka 2004, habari ikaja kwamba Nuonuo amepata wazazi, mtu na mkewe kutoka Hispania, na Jumatatu apelekwe mjini Changsha kukabidhiwa. Nani wa kuwapeleka kama si mimi? Barabara ile naiendesha huku nimefumba jicho moja, na la pili liko kwenye redio.

Ofisi ya kukabidhia watoto ilikuwa na joto na vilio kila kona. Mama mpya aliitwa Begoña, mrefu, nywele fupi kama za mwanajeshi. Mumewe Iñaki, ndevu mpaka machoni. Mkalimani wao alikuwa msichana wetu wa Hunan, Binti Tan, na alikuwa na karatasi ya maswali. Mtoto analala saa ngapi? Shemeji akajibu. Anapenda chakula gani? Mayai ya mvuke. Anaogopa nini? Mabata bukini. Yote alijibu, tena kwa kirefu.

"Na maziwa, Mama Shuilian? Anakunywaje?"

"Maziwa ni maziwa," akasema shemeji.

Nikamtazama. Maana Nuonuo hakuwa mtoto wa maziwa ya mzaha. Shemeji aliyachanganya na unga wa mchele uliokaangwa mpaka yakawa mazito kama uji, ya moto hasa, na tundu la chuchu ya chupa alilipanua kwa sindano iliyopitishwa motoni. Mtoto aliyezoea hivyo, umpe chupa ya dukani yenye tundu la jicho la sisimizi na maziwa ya vuguvugu, atakuona mwizi. Na chupa yenyewe nikaiona imetuna kwenye mfuko wa koti la shemeji.

Garini, tukirudi bila mtoto, nikamuuliza, "Shemeji, hiyo chupa je?"

"Yangu. Niliinunua mimi."

"Mtoto atakunywa nini?"

"Ana mama sasa. Mama si anajua kila kitu?" Akageukia dirishani. Tulipovuka daraja akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kabichi, "Hivi mtoto akikataa kula, si wanamrudisha?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kumcheka. Nikawasha redio.

Jumatano Binti Tan akanipigia simu. Wageni wanataka kukiona kijiji alikolelewa mtoto kabla ya kusafiri Beijing, niwafuate hotelini. Nikawafuata. Ole wangu! Saa mbili na nusu za kilio. Begoña alijaribu chupa mara sita. Nuonuo aling'ata chuchu, akavuta, hakuna kitu, akaitupa miguuni pangu kwenye breki. Iñaki aliimba wimbo kama mtu anayesukuma trekta. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamenywea, na mama alikuwa analia bila kujifuta.

Mimi dereva najua kila kitu, ningesema neno moja tu. Sikusema. Sahani yangu ya jioni iko mezani kwa Shuilian, na siri ya mwenye sahani huimwagi garini mbele ya wageni. Sijisifu kwa hilo, ingawa kwa mengine najisifu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimeoshwa, koti la harusi ya binamu mwilini. Nuonuo alipomwona alijirusha kutoka kwa Begoña karibu aanguke. Shemeji akampokea, akanitazama mimi, si wao, kwa uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mwambie kakonda," akamwambia Binti Tan. "Siku mbili tu! Na amemvalisha nini, kuku aliyenyonyolewa? Mwambie na hilo."

Binti Tan akasema maneno mengi ya Kihispania kwa tabasamu. Begoña akainamisha kichwa kwa shukrani.

"Umesema nilivyosema?" shemeji akauliza.

"Nimefupisha, mama."

Tukakaa kula. Nyama ya moshi na pilipili zetu, zile ambazo hata mimi huzinywea maji kwa siri. Begoña aliona macho ya shemeji juu ya bakuli lake, akachukua pilipili nzima, akatafuna, machozi yakimtoka, akachukua nyingine. Iñaki akamsogezea maji, akayasukuma. Wanawake wawili wakatazamana juu ya kile kichwa cha mtoto. Nimeona majogoo wawili wakitazamana kwa upole zaidi.

Halafu Begoña akaweka vijiti chini, akasema jambo taratibu. Binti Tan akatafsiri: "Anaomba umwandalie maziwa kama unavyomwandalia siku zote. Anataka kuona."

Shemeji akaingia jikoni na mtoto. Akafunga mlango. Akatoka na chupa yake, akakaa, na Nuonuo akainywa yote bila kupumua, mkono mmoja kwenye sikio la shemeji. Begoña akanyoosha mkono aione chupa. Shemeji akairudisha mfukoni.

"Shemeji," nikasema, "unaficha nini, almasi?"

"Wewe kula."

Begoña akageuza uso ukutani. Kisha Binti Tan akasema polepole, tena safari hii kwa niaba yake mwenyewe: "Mama Shuilian, hotelini amekuja daktari. Kasema asipokunywa mpaka kesho asubuhi, anakwenda hospitali kutundikiwa dripu."

"Dripu," shemeji akarudia.

"Ndiyo, mama. Ya kichwani."

Kila mtu kwetu ameiona. Mishipa ya mkono ni midogo, kwa hiyo wanamnyoa mtoto upande mmoja na kumchoma hapo. Mtoto wa nne kati ya wale aliowalea shemeji alitundikiwa hivyo siku tano, na shemeji alimshikilia mikono asiing'oe. Akakishika kichwa cha Nuonuo kwa kile kiganja chake.

"Na hawatamrudisha?" akaniuliza mimi, mbele ya wote.

Hapo nikaacha utani. "Hawatamrudisha, shemeji. Mtazame alivyokula pilipili zile."

Akamtazama. Akamtazama muda mrefu, kuanzia viatu.

"Nani atamnyoa?" akasema. "Mtu gani huyo atakayezigusa nywele hizi? Mimi mwenyewe sijazikata hata unywele mmoja!" Akasimama kwa hasira. "Mwambie aje jikoni. Na chupa yake ya kipumbavu aje nayo."

Safari hii mlango haukufungwa. Akatia sindano kwenye jiko la makaa mpaka ikawa nyekundu, akaipitisha kwenye chuchu ya chupa ya Begoña, moshi ukatoka. Akampa unga, akampa birika. "Mwambie amimine yeye. Moto zaidi. Zaidi! Aache woga, hapiki maua. Ajaribishe mkononi. Hivyo. Sasa atikise, atikise kama ana deni na chupa."

Nuonuo alikuwa ameshiba, lakini lile tumbo halijui kukataa. Akakaa mapajani kwa Begoña, akaonja, akanyamaza, akaanza kunywa. Shemeji alikuwa amechutama mbele yao. "Kichwa juu. Juu, Tan, mwambie!" Mtoto alikuwa akimtazama Begoña. Mkono ukapanda polepole, ukalipata sikio la Begoña, ukalishika.

Shemeji akainuka, akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Hata tulipoondoka hakutoka nje. Niliwasha gari, nikapiga honi mara mbili, nikasikia sufuria tu. Wageni nikawafikisha, nikalala kwa rafiki, asubuhi nikarudi Heyan. Shemeji alikuwa kizingitini anachambua mboga, na bakuli langu lilikuwa tayari mezani. Hakuinua kichwa.

"Alikunywa njiani?"

"Alikunywa."

"Yule mwanamke alitengeneza sawa?"

"Alitengeneza."

Akavunja shina la mboga. "Yote alimaliza?"

Alikuwa amemaliza mpaka chupa inafyonza hewa, kisha akalala na sikio la mama yake mkononi hadi Changsha. Mimi nikavuta kiti, nikajipakulia.

"Alibakiza," nikasema. "Vidole viwili hivi."

Shemeji akaninyang'anya bakuli, akanijazia nyama mpaka ikamwagika.

"Kwangu hakuwahi kubakiza," akasema.