Senti ya mama niliyoipiga msasa

Leo nimegundua nimefuta kitu ambacho hakirudi.

Mnaikumbuka ile senti ya mkoloni yenye tundu katikati, aliyokuwa akiivaa marehemu mama shingoni kwa uzi mweusi?
Nimeipeleka sokoni Mwanjelwa kwa mzee mmoja anayenunua sarafu za zamani. Kuuliza bei tu, jamani.
Jana niliipiga msasa mpaka ikawaka. Nikajua nimeiongezea thamani.

Mzee akaigeuza mara moja, akanirudishia.
"Mwanangu, umeiua. Sarafu ya zamani haisuguliwi."

Basi, nikarudi nyumbani Iyunga, nikamsimulia mama mdogo huku nacheka.
Yeye hakucheka. Akaipapasa kwa kidole, pande zote mbili.
"Ile mikwaruzo iko wapi?"
Nikamwambia nilidhani ni uchakavu.
Akakaa chini.
"Dada alikuwa anaichora kwa sindano. Kila mtoto aliyemzika kabla hujazaliwa, mstari mmoja."

Nikamuuliza ilikuwa mingapi.
Hakumbuki vizuri. Mitatu, labda minne.

Majirani wetu wa zamani, kama kuna aliyewahi kuihesabu ile mistari, naomba aniandikie hapa.