Chai Iko kwa Chupa

Mama yangu huzima kila kitu ukutani. Redio, pasi, hata chaja ambayo haina simu, vyote anavizima kwenye soketi kabla ya kutoka, halafu anarudi kutoka mlangoni kuhakikisha. Wanaoishi kwenye nyumba za reli pale Makongeni wameona nyaya zikishika moto, kwa hivyo simlaumu. Lakini Jumapili aliyozima laptop ukutani akaenda zake kanisani, aki ya nani, nilitaka kupiga nduru.

Betri ya laptop hiyo ilikufa zamani. Ukiondoa umeme, nayo inazimika papo hapo. Na asubuhi hiyo ilikuwa katikati ya kujisasisha, imeandika kwenye skrini kwamba isizimwe. Mama anasema aliyaona hayo maandishi, akadhani ni matangazo.

"Imekataa kuwaka," aliniambia kwa simu Jumatatu asubuhi. "Njoo leo. Tafadhali."

Mama yangu haniambiangi tafadhali. Nilifunga kibanda changu cha kompyuta pale Huruma, mahali watu wanaponiletea laptop zilizogoma, nikaenda.

Sasa, laptop yenyewe ilikuwa ya Baba. Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, kugeuza njia ili garimoshi lipite huku au kule. Alipostaafu alikataa kukaa mlangoni akihesabu wapita njia. Akawa anakuja kwangu Huruma, anavuta kiti, anauliza maswali mpaka wateja wangu wanachoka. Mwishowe akanunua laptop kuukuu yenye mfumo wa kuiendesha ule ambao kila mtu anaujua, akaweka mwingine wa bure kando yake. Wa kwanza ulikuwa wa Mama, wa kusikiliza redio ya lugha yetu na masomo ya kanisa. Wa pili ulikuwa wake, wa kuchokora. Ukiiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, inatokea skrini nyeusi yenye mistari miwili, uchague unaenda wapi. Inasubiri sekunde kumi, na usipochagua inakupeleka kwa Mama.

"Ni kazi yangu ile ile," Baba alikuwa akijisifu. "Nageuza reli tu."

Kwa kawaida mistari hiyo ina majina makavu, majina ya mifumo. Baba aliyafuta. Huyu ni mtu aliyekuambia usiku mwema akiangalia dirisha. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwambia Mama neno laini. Lakini alikuwa akiamka kabla yake, anaiwasha laptop, anaandika kwenye mstari wa Mama, anaizima. Mama akija kutafuta redio yake, anakuta: "Mama Watoto, leso mpya imekukaa." Siku nyingine: "Mama Watoto, pole kwa ya jana." Mama anasonya, anasema huyu mzee amechanganyikiwa, halafu anageukia jiko ili asionekane akitabasamu. Nilimwona mara nyingi.

Mstari wa mwisho aliouandika ulisema: "Mama Watoto, chai iko kwa chupa. Nimetoka kidogo."

Alikuwa ameenda kunyolewa. Moyo ulisimama akiwa kwenye kiti cha kinyozi, na hakurudi. Tulimpeleka nyumbani magharibi, tukamzika kando ya wazazi wake. Mama akarudi Makongeni, na laptop ikaendelea kumwambia kila asubuhi kwamba Baba ametoka kidogo. Nilijua mstari uko pale. Nilidhani ameshauzoea, kama mtu anavyozoea kalenda ya ukutani.

Nilifika na njaa, nikanyoosha mkono moja kwa moja kwenye chupa ya chai. Nyumba ile haikosi chai. Chupa haikuwa mezani. Ilikuwa imepinduliwa pamoja na vyombo vilivyooshwa, kavu kabisa.

"Ai, Mama! Hata chai?"

"Tengeneza kwanza."

Nikanuna, lakini nikatoa flashi yangu nikaingia kazini. Haikunichukua muda. Mfumo wa Mama ulijikarabati, ukawaka, redio ikaanza kuimba. Nikajipigia makofi.

"Haya! Mgonjwa amepona."

Mama hakucheka. "Zima. Washa tena."

Nikazima, nikawasha. Ikaenda moja kwa moja kwenye redio.

"Imemruka," akasema.

"Imemruka nani?"

"Baba yako."

Akakaa kitini. Kwenye mazishi mama huyu alipakulia wageni chakula bila kudondosha chozi, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Umemfuta?" akaniuliza.

"Si ni wewe ulizima ukutani!" Ilinitoka kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi. Nilikaa chini kando yake nikamshika mkono, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Shida ilikuwa hivi. Mfumo wa Mama, ulipojikarabati, ulijifanya ndio pekee nyumbani. Reli ilikuwa imegeuzwa upande wake. Reli ya Baba huenda bado ilikuwa pale, na huenda ilikuwa imeng'olewa, sikujua. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kuna amri moja ya haraka ambayo sisi mafundi tunaipenda, inarudisha mistari yote miwili mara moja. Ila inaiandika upya orodha ya ile skrini nyeusi, kwa yale majina makavu. Baba aliandika maneno yake ndani ya orodha yenyewe, mahali ambapo mtu hafai kuandika. Nilimwonya mwenyewe. Nilimwambia siku moja yatafutika.

"Yakifutika nitaandika mengine," alinijibu.

Basi ile amri sikuigusa. Niliiwasha laptop kupitia flashi, nikaingia upande wa Baba polepole, nikaifungua orodha. Mistari na mistari ya Kiingereza cha mashine. Nikashuka, nikashuka. Halafu nikaona neno Mama.

"Yuko," nikasema. Nilitaka kusema maneno yapo, lakini ndivyo ilivyotoka.

Mama akaja akainama, akaweka kidole juu ya skrini, akakitoa haraka kana kwamba angeharibu. Nilinakili orodha kwenye flashi, nikajitumia kwa barua pepe, nikaipiga picha kwa simu. Mimi si mjinga. Kisha nikarekebisha kile kipande kinachoamua njia, hicho peke yake, nikaacha orodha jinsi Baba alivyoiacha. Taa ikapepesa mara moja, majirani wakapiga kelele, Mama akaruka kuelekea soketi.

"Usiguse ukuta!" nikamfokea, na wote wawili tukacheka na machozi yetu.

Nilipomaliza nilitaka kuwasha. Mama akanizuia.

"Ngoja."

Akachukua chupa kutoka kwenye vyombo, akaisuuza kwa maji moto. Akateleka maji na maziwa, akatia majani, akaponda tangawizi. Mimi nimekaa na kidole juu ya kitufe.

"Mama, si tuwashe kwanza? Chai tutakunywa baadaye."

"Nimesema ngoja."

Chai ikachemka. Akaichuja ndani ya chupa, akafunga kifuniko akakikaza, akaleta chupa mezani akaiweka kando ya laptop. Akapangusa mikono kwa leso.

"Sasa washa."

Skrini ikawa nyeusi, halafu mistari miwili ikatokea. Mama Watoto, chai iko kwa chupa. Nimetoka kidogo. Mama alisoma midomo ikicheza, bila sauti. Sekunde zilikuwa zinahesabika kurudi nyuma pale chini.

"Naweza kuzuia hiyo hesabu," nikamwambia. "Ikae hapo mpaka utake iende."

"Wacha. Baba yako hakuwa mtu wa kukaa sana."

Sekunde zikaisha, redio ikaanza. Mama akavuta vikombe. Nilikuwa naiangalia ile chupa, nakumbuka asubuhi zote nilizopitia pale tangu tumzike Baba, na chupa imejaa.

"Mama, kila siku unapika chai kabla ya kuwasha?"

"Kila siku."

"Hata ukiwa peke yako? Chupa nzima?"

Akanimiminia, akanisogezea kikombe.

"Si amesema iko kwa chupa," akasema. "Nimfanye mwongo?"