Samaki Ndani ya Kalkuleta

Mjomba wangu alikuwa na tabia moja ya kuudhi: hakuweza kumpa mtu kitu bila kumtesa kwanza. Hata pipi alizificha nyuma ya mgongo, uchague mkono, na mkono unaouchagua unaukuta mtupu. Kwa hiyo alipokuja kwetu Gisenyi, mpakani, likizo kutoka Ubelgiji, alikokuwa anasomea uhandisi, akaniona nimeikodolea macho kalkuleta yake ya grafu, nilijua sitaipata kirahisi.

"Bon," alisema. "Nakuachia mpaka siku ya kurudi. Kama unaweza kuifanya ifanye kitu yenye haiko ku butoni yake, inabakia yako. Ukishindwa, naenda nayo."

Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwaka wa nne sekondari, tawi la hesabu na fizikia, na niliitaka ile kalkuleta kuliko viatu vipya, ingawa nilivyovaa vilikuwa vimeachama kwa mbele.

Alinipa pia karatasi chache zenye maagizo ya mashine yenyewe, yale ambayo kalkuleta huyaelewa bila mkalimani. Yaliandikwa kwa tarakimu zisizoishia tisa; baada ya tisa zinaendelea A, B, C mpaka F. Zinakwenda mbili mbili, kila jozi ni agizo au namba. 3E: shika namba hii. CD: nenda kafanye kazi ile halafu urudi. C9: nimemaliza, narudi nilikotoka. Ukiisahau C9, mashine haijui kwamba umefika mwisho. Inaendelea kusoma takataka zilizo mbele kana kwamba ni amri za mkubwa, mpaka inazirai. Mwanzoni ilikuwa inazirai mikononi mwangu asubuhi na jioni.

Niliandika nimekaa kizingitini, kwenye mwanga, maana umeme wetu wa miaka ile ulikuja ukijisikia. Kila herufi ilitaka kwanza ubonyeze kitufe cha kijani, kwa hiyo A mpaka F zilikuwa na kazi maradufu na kidole gumba kikaota sugu. Nilichotaka kuchora ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu: mmoja tu, atokee kushoto mwa kioo, aogelee mpaka kulia, apotee. Sambaza nilizijua. Mama alizinunua ufukweni alfajiri na kuzivusha Goma kwa ndoo kupitia kituo cha mpakani cha Petite Barrière, na nyumba yetu nzima ilinukia sambaza, mimi nikiwemo.

Mama alizaliwa Goma, na Kiswahili chake ni cha huko. Changu kilinyooshwa kidogo na miaka niliyokaa Kigoma kwa shangazi. Alinitazama ninavyobofya siku nyingi, kisha siku moja akauliza, "We, iyo kitu inakulisha?" Nikamjibu hainilishi. Akanisogezea viazi nimenye.

Siku moja kabla mjomba hajaondoka, sambaza wangu aliogelea. Nilikuwa nimemrekebisha humo humo ndani, namba moja moja, kwa hiyo aliishi kwenye kalkuleta tu, hapakuwa na nakala pengine. Nilimwendesha mara nyingi mpaka kioo kikaanza kufifia, nikanung'unika mbele ya mama kwamba betri zimechoka.

Kesho yake nilirudi kutoka bombani nikakuta kalkuleta iko mezani, mgongo wazi, tumbo tupu.

"Mama, betri ziko wapi?"

"Mawe? Nimeanika ku jua."

Kwetu betri ni mawe, na hakuna nyumba isiyojua kwamba mawe ya redio yakichoka huanikwa juani yarudishe nguvu. Alikuwa ameyapanga vizuri juu ya ukuta, yale manne madogo kando ya yale makubwa ya redio yake. "Samaki yako iogelee muzuri mbele ya mujomba," alisema.

Jambo ambalo hakulijua, kwa kuwa sikuwahi kumweleza, ni kwamba ndani mle kulikuwa na betri nyingine ndogo ya akiba, na ilikuwa imekufa zamani. Ukizitoa zile nne, kila ulichoandika kinafutika. Nilizirudisha zikiwa bado na joto la jua. Kalkuleta iliwaka vizuri sana, ikiwa tupu kama siku iliyonunuliwa.

Nilitaka kupiga kelele. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta mikono kwenye kitenge, anangoja. Nikasema asante.

Mjomba alikuwa aje kuaga baada ya chakula cha mchana. Nilikaa nikaandika upya kwa kichwa. Umbo la samaki nililikumbuka. Pa kumfanya aogelee ndipo nilipoharibu. Kuna agizo la kuruka, 18, na namba inayolifuata inasema uruke umbali gani. Nilisikia mjomba anapiga hodi, nikaweka FE bila kufikiri. Sasa, 18 FE maana yake ni rudi nyuma hatua mbili, na agizo lenyewe lina urefu wa hatua mbili. Basi linaruka, linatua palepale, linaruka tena, na halina habari na dunia.

Mjomba aliketi. "Bon, tuone."

Nikaiendesha. Sambaza akatokea kushoto, kichwa na nusu ya mwili. Akasimama.

Tukamngoja. Mjomba akabonyeza kitufe cha kufuta, akabonyeza cha kuzima, kisha akavishambulia vyote kwa vidole gumba viwili. Samaki akawa anamtazama tu.

"Imekwama," alisema mjomba, akavaa ule uso wake wa huruma ya uongo. "Pole. Basi, naenda nayo."

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Aliuweka ungo chini. Kila siku ya Mungu alibishana na watu wa forodha, na alikuwa na sauti ya kazi hiyo, ya chini, isiyo na haraka. Ndiyo aliyoitumia.

"Mudogo wangu, siku ile ulimuambia nini huyu mutoto?"

"Nilisema aifanye ifanye kitu yenye haiko ku butoni yake."

"Bon. Nionyeshe butoni yenye inafanya hivi."

Mjomba aliitazama kalkuleta. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Yaya," alimwita dada yake mkubwa, "hii ni panne, imeharibika tu."

"Panne iko ku butoni gani?"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa, akaniwekea kalkuleta mapajani. "Chukua," aliniambia, "mbele mama yako hajanilipisha duane kama mutu wa forodha."

Tulimsindikiza hadi kwenye basi. Tukirudi, nilikuwa nimeikumbatia kalkuleta kifuani kwa mikono miwili, na samaki wangu mle ndani bado amegoma. Nilimuuliza mama amejuaje hoja ile, maana hata mimi niliyeandika sikuwa nimeifikiria.

"Mi sijue kitu ya mashine," alisema. "Nilijua nimekuharibia kitu, nikatafuta njia. Niliona uso yako asubuhi, wakati ulinipa aksanti."