Pointi Tatu kwa Kifo cha Kaka Yangu

Habari zenu nyote. Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana Kindu ni mji mdogo na sauti iliyoniharibia maisha imeshapita kwenye simu za watu wengi. Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, tunakaa mtaa wa Mikelenge na watoto wetu wanne. Mume wangu simchukii. Nalisema mapema ili msiniandikie "achana naye" kabla hamjamaliza kusoma.

Mume wangu ni mgonjwa wa filamu. Akimaliza kuangalia moja, lazima aingie kwenye grupu letu la Watsap atoe maoni kwa sauti, halafu aipe pointi kati ya kumi. Watu wanampenda kwa sababu ana mdomo. Filamu moja ya mapenzi aliipa nne, eti dada analia lakini wanja wake hautiririki, machozi gani hayo! Mimi nikaipa nane makusudi, nimchokoze tu, tukazozana kwenye grupu kutwa nzima huku watu wakicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya nyumba yetu.

Sasa niwaambie kuhusu kaka yangu mkubwa, Amisi, niliyemwita Yaya kwa heshima. Wakati wa vita nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku risasi zilipofika mtaani kwetu, mama alikimbia na wadogo zangu upande mmoja, mimi na baba na Yaya Amisi tukaishia kwenye pori la upande wa Kailo. Huko ndiko alikopigwa risasi. Alianguka mbele yangu na hakusema neno. Baba alichimba kwa panga na mikono, akamfunika udongo na majani, tukaendelea kukimbia.

Tulipompata mama, baba alimwambia tulipotezana na Amisi, labda amefuata watu wa Kisangani. Mimi alinivuta pembeni: "Mama yako iko na mimba. Akisikia hii atakufa. Nyamaza, mi nitamuambia siku ingine." Siku hiyo haikufika, baba mwenyewe akafariki. Mama miaka yote hii amekataa matanga ya Yaya Amisi. Mgeni yeyote akitoka Kisangani atamuuliza kama hakuona kijana mrefu, mweusi, mwenye kovu kwenye paji. Anauliza kijana, wakati Yaya Amisi leo angekuwa na mvi.

Siri hii nilimwambia mume wangu peke yake, mwaka wa kwanza wa ndoa. Alilia pamoja nami.

Mwezi uliopita akaangalia filamu ya vita. Ndani yake kijana anapigwa risasi, anamshika dada yake mkono, anampa mawaidha marefu na muziki unapigwa, ndipo anakufa. Mimi nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, nikamsikia anacheka na kurekodi: "Hii film ni uongo mutupu! Muntu wa risasi anatoa wapi nguvu ya kuhubiri? Shemeji yangu Amisi alipigwa kule pori ya Kailo, bibi yangu alikuwa pale, hakusema hata neno moja. Alikufa tu. Pointi tatu, na ni huruma."

Mchi ulinitoka mkononi. Alipotokea mlangoni na kuniona uso, ndipo alipojua alichosema. Akafuta haraka, lakini watu walikuwa wameshasikiliza na kutumiana. Ulimi hauna mfupa, jamani. Kwenye grupu yumo binti wa mama mdogo, anayekaa na mama yangu. Kabla jua halijazama mama alikuwa ameshasikia.

Kesho yake aliniita. Nilimkuta kwenye mkeka, halii.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Akasema: "Mukwe wangu anajua kupatia film pointi. Basi anipatie na mimi. Mama mwenye kungojea mufu miaka hii yote, anapata ngapi?"

Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Mume wangu alikwenda kupiga magoti, mama hakumtukana. Alisema neno moja tu: "Munipeleke fasi alilala. Nitalia pale, kisha matanga ikuwe."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Sipajui! Nilikuwa mtoto anayekimbia. Juzi mimi na mume wangu tulipanda moto, yaani pikipiki, tukaenda kutafuta. Nilipodhani ni pori kumekuwa mashamba ya muhogo na nyumba za watu. Nilizunguka kama mwendawazimu, mpaka wenye mashamba wakaanza kuuliza tunatafuta nini.

Mume wangu akaniambia kwa upole: "Tuchague muti moja, tupange mawe kidogo. Mama hatajua. Roho yake itapumuzika." Nilimkasirikia sana, nikamwambia hii siyo filamu ya kupanga. Lakini nami sikuwa na neno bora kuliko lake.

Nikimwonyesha mahali popote, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, safari hii akilia juu ya udongo mtupu. Nikisema sipajui, ataamini naficha tena. Na kuna baya zaidi: mama mdogo ameanza kumnong'oneza, "Kama kaburi haiko, pengine mutoto hakufa." Jana nilimwona mama akilisikiliza neno hilo kwa macho yaliyofunguka. Ataanza kungoja upya, na safari hii atakufa akingoja.

Sina amani, sili, mume wangu haangalii tena filamu na hatuongei. Jumamosi tunakwenda, moto zimeshaagizwa na shangazi zangu wote wanakuja. Nishaurini, lakini msichelewe. Mama atashuka, atafunga kitenge chake vizuri, ataniuliza, "Iko wapi?"

Nimwonyeshe wapi?