Betri Mfukoni

Fundi bati alipiga nyundo maisha yake yote, na nyundo nayo ikampiga yeye polepole, mpaka masikio yakamwacha solemba. Hakulalamika. Aliizoea dunia iliyofunga mdomo, ambamo kila mwenye neno lake ilibidi amsogelee, amguse bega, amtazame usoni. Binti yake, aliyekaa naye tangu mama mtu afariki, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote: alimshika kidevu kama mtoto anayenyolewa, akatamka taratibu, naye akamsoma midomo, nyusi, hata mikunjo ya pua.

Kisha binti akamnunulia kifaa cha kusikia.

Karakanani walimpokea kwa vifijo. "Sasa mzee, tutakusengenya wapi?" akauliza mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Spika kwa kuwa hakujua kunyamaza.

"Nendeni nyuma ya choo," fundi akajibu. "Hapa mmeshafukuzwa."

Lakini utani ulikuwa wa mdomoni tu. Siku za kwanza alidhani kichwa chake kimevamiwa. Sauti zote zilikuja kwa mkupuo, zote kimo kimoja: friji, ufagio wa jirani, kijiko kikombeni, kola ya shati lake mwenyewe ikijisugua shingoni. Maneno yalikuwamo humo humo, kama msumari uliodondokea kwenye ndoo ya vipande vya bati. Unajua upo, lakini utaupatia wapi? Mtaalamu wa masikio alimwomba avumilie. Sikio ni mchukuzi tu, alimwambia. Anayepanga mizigo ni ubongo, na wake ulikuwa likizo ndefu.

Ubongo ukarudi kazini kwa kuburuta miguu. Asubuhi moja akagundua kwamba haisikii tena friji, na friji yenyewe inanguruma palepale. Tone la bomba likaacha kuwa nyundo, likawa tone. Halafu, kutoka katika rundo lile, sauti ya binti yake ikajitokeza yenyewe, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Hakuwa ameisikia tangu binti akiwa msichana wa shule. Alijifungia bafuni, akalia kwa furaha.

Na hapo ndipo binti alipoacha kumsogelea. Haja ilikuwa ya nini? "Baba, chai!" kutoka jikoni. "Baba, natoka!" mgongo ukiwa umeshapita mlangoni. Neno alilisikia, mtu hakumwona. Wakawa wanaishi kama wapangaji wawili wanaoachiana funguo mlangoni.

Jioni moja akiwa sebuleni, binti akamwita kutoka jikoni, naye akahisi ule mkwaruzo wa sauti umezidi.

"Mwanangu, uko salama huko?"

"Salama kabisa, Baba. Mafua tu." Sauti ilinyooka kama bati jipya.

Alikaa akiipima. Kisha akakitoa kifaa sikioni, akachomoa betri, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati. Kimya kikarudi na kukaa mahali pake pa zamani. Akangoja.

Mkono wenye maji ukamgusa bega. Binti aliinama mbele yake, midomo ikasema: "Nakuita wee! Betri imeisha tena?"

Lakini yeye alikuwa hasomi midomo. Kope zilizovimba, pua iliyosuguliwa, kidevu kisichotulia: vyote vilikuja pamoja, bila kupangwa, vikawa kitu kimoja. Mtu huyu amekuwa akilia, na hakuanza leo.

"Kaa," akamwambia.

"Chakula kitapoa."

"Kipoe."

Binti akaketi. Fundi akaushika ule mkono wenye maji kwa mikono yake miwili. Kisha binti akainamisha kichwa mpaka karibu na meza, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anasema, anasema mengi, kama aliyefunguliwa. Fundi aliona njia ya nywele zake tu. Hata neno moja halikumfikia.

Betri ilikuwa palepale kifuani. Lakini angeitafuta vipi bila kuuachia mkono? Na akiuachia, binti angeinua kichwa, angefuta macho, angesema ni mafua.

Hakuuachia. Kila mabega yalipotulia kidogo, aliubana ule mkono, kama baba anayesikia.