Usukani Nilioubadilisha Dakika Tano Kabla ya Usaili

Leo nimejiaibisha mbele ya mwalimu mkuu, na inaniuma kwa sababu kosa ni langu mwenyewe.

Nilikwenda kwenye usaili wa kufundisha ufundi, shule moja hapa Nyasho, na kigari changu cha rimoti cha kuonyeshea.

Kabla ya kuanza nilikijaribu kikiwa kimenielekea. Nikakata kushoto, kikaenda kulia. Nikahitimisha kwamba usukani umegeuzwa, nikaubadilisha kwenye rimoti. (Naam, shahada ninayo.)

Mbele ya wasaili nikakiweka kinipe mgongo, nikakata kulia. Kikaenda kushoto, kikaparamia dagaa wa mpishi wa shule walioanikwa uani.

"Mwanangu, nilikuona ukikijaribu; si kilikuwa kinakutazama?" mpishi akauliza. "Kushoto kwake siyo kushoto kwako. Hilo hamfundishwagi chuoni?"

Mwalimu mkuu akamgeukia: "Mama, nafasi hii unaitaka?"

Ndugu zangu, nimpigie mwalimu mkuu kesho kuulizia kazi, au ninyamaze?